Stendi ya simu ya mtoto inasimama, lakini je inafanya kazi vizuri?

"Habari mwalimu. Mwanangu ana miaka 9, shuleni wamepewa kazi ya kubuni kitu cha kumsaidia mtu wa nyumbani. Yeye katengeneza stendi ya simu ya kadibodi kwa ajili ya bibi yake, ambaye mikono inamtetemeka na anapenda sana kuongea na wajukuu kwa video. Sasa hatua ya mwisho wanatakiwa waandike tathmini, yaani kama kitu kinafanya kazi vizuri na wangeboresha nini. Kaandika mstari mmoja tu: 'Stendi yangu ni nzuri sana na bibi ameipenda.' Nikimwambia aongeze anasema hamna cha kuongeza. Mimi naona simu ikikaa muda inaanza kuinama, ila naogopa kusema, mwaka jana kazi yake ilisahihishwa akalia akachana karatasi. Na kusema ukweli hata mimi sielewi kitu cha mtoto kinapimwaje, si kinasimama? Nimwambie ajipe alama kwa kumi? Nimsaidieje bila kumfanyia?"

Mama, nimelisoma swali lako mara mbili, na kabla sijaenda mbali nikwambie tu kwamba mwanao sio mvivu. Nimefundisha watoto dizaini miaka mingi na huo mstari wake nimekutana nao kwenye madaftari mengi sana, karibu neno kwa neno. Mtoto anauandika kwa sababu ndo jibu la swali alilolisikia. Sisi tunadhani tumemuuliza kama stendi inafanya kazi, yeye kasikia "je, wewe umefanya vizuri?", na mtoto aliyekaa jioni nzima anakata kadibodi na kusubiri gundi ikauke, swali hilo analijibu bila kufikiri mara mbili. Kwaiyo hata ukimsukuma aongeze sentensi tano zitakuwa tano za "nzuri sana", inabidi umbadilishie swali lenyewe.

Wasiwasi wako naona una mambo mawili yamefungana, hujui kinapimwaje na unaogopa kupima kutamuumiza. Naanza na la kwanza manake likikaa sawa hili la pili linapungua lenyewe.

Umeuliza "si kinasimama?" Kinasimama ndiyo, ila hata kopo tupu linasimama. Kazi ya hii stendi ni kumshikia bibi simu ili aione sura ya mjukuu wake huku mikono yake imepumzika mapajani. Kitu chochote ukikisifia kwamba kinafanya kazi vizuri lazima useme kinamfanyia nani, kazi gani, na akiwa wapi, ukiacha kimoja kati ya hivyo sifa yako inaning'inia hewani. Na hili sio wazo langu la darasani, watu wa viwango vya kimataifa wameliandika kabisa kwenye kiwango kinaitwa ISO 9241-11, kilitoka 1998 kikarekebishwa 2018: kwanza taja mtumiaji, lengo lake na mazingira yake, halafu ndo uangalie kama amefanikisha alichotaka, kama kimemgharimu nguvu na muda kiasi gani, na kama ameridhika. Kwa watoto mimi nayageuza hivi: Imeweza? Imemchosha? Angeitumia tena kesho? Mtoto wa miaka 9 anayakariri kwa dakika moja na nimeona wengine wanaanza kuyauliza mpaka kuhusu viatu vyao.

Ukitaka aelewe haraka kwa nini "kazi gani" ni muhimu msimulie habari ya gundi. Mwaka 1968 mkemia mmoja wa kampuni ya 3M huko Marekani, Spencer Silver, alikuwa anatafuta gundi kali sana, akaishia kupata gundi dhaifu, inashika kidogo halafu inabanduka bila kuacha uchafu. Kwa kuunganishia vitu vizito haifai kabisa. Miaka ikapita, mwenzake Art Fry alikuwa anakerwa na vikaratasi vyake vya alama, vinadondoka kila akifungua kitabu cha nyimbo kanisani, akaikumbuka ile gundi, na mwaka 1980 vile vikaratasi vya kubandika na kubandua vikaanza kuuzwa Marekani nzima. Muulize mwanao, hiyo gundi ilikuwa nzuri au mbaya? Mwache abishane na wewe, akianza kusema "inategemea" ujue mlango umefunguka.

Sasa vigezo. Kwa kawaida vigezo huandikwa kabla ya kutengeneza, nyie mmechelewa lakini sio mwisho wa dunia, ila kuna hatari moja, mtoto akivitunga saa hizi atavitunga vile ambavyo stendi yake tayari inavifaulu, hata watu wazima tunafanya hivo, wahenga walishasema mwamba ngoma huvutia kwake. Dawa yake ni vigezo vitoke kwa bibi. Mwanao aende na karatasi amuulize: bibi, ukiongea na sisi kwa simu kinachokusumbua ni nini? Asiulize stendi unaionaje, aulize kuhusu maongezi. Bibi ataanza kusema mikono inachoka, mara nakata simu bila kutaka, mara naonekana paji la uso tu, mara chaji inaisha katikati. Kila lalamiko hapo linageuzwa kuwa kitu cha kuona kwa macho. "Mikono inachoka" inakuwa "bibi anaongea dakika 20 bila kugusa simu." "Naonekana paji la uso" inakuwa "bibi akikaa kwenye kiti chake cha kila siku uso wake wote unaonekana kwenye skrini." "Chaji inaisha" inakuwa "waya wa chaja unapita chini ya simu bila kuisukuma." Umeona hapo hamna neno nzuri wala mbaya, ni inatokea au haitokei. Vigezo vinne vitano vinatosha.

Hapo sasa ndo tunafika kwenye ule uinamaji uliouona wewe, na nakuomba sana usimwambie. Mpe penseli. Bandikeni karatasi ukutani au kwenye boksi lolote nyuma ya stendi, simu iwekwe, yeye achore kistari pale ukingo wa juu wa simu ulipo na aandike pembeni "0". Baada ya dakika 5 kistari kingine, baada ya 10, 20, 30. Kama simu inashuka, vistari vitashuka, na yeye ndo atakuwa wa kwanza kukwambia, tena kwa sauti ya mtu aliyevumbua kitu. Kuna tofauti kubwa sana kati ya mtoto aliyeambiwa kitu chake kina kasoro na mtoto aliyeikamata kasoro mwenyewe na penseli mkononi.

Atauliza kwa nini inashuka, kwaiyo nikupe na maelezo. Kadibodi ya boksi ukiichungulia ubavuni ina mawimbi katikati ya karatasi mbili, yale mawimbi yanafanya mifereji. Mzigo ukisimama sambamba na mifereji kadibodi ni ngumu ajabu, ukiikunja kwa kufuata mstari wa mifereji inakunjika kama daftari. Mpe kipande akikunje pande zote mbili atasikia tofauti kwenye vidole. Watoto wengi wanakata bila kuangalia mifereji imelala upande gani, wanaangalia tu wapi pana nafasi. Jambo la pili, karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana, ukiweka uzito juu yake muda mrefu zile nyuzi zinaachia polepole na kadibodi inazidi kuinama hata kama uzito ni uleule haujaongezeka, na hewa ikiwa na unyevu inaharakisha zaidi. Ndo maana dakika ya kwanza kila kitu kiko sawa na baada ya nusu saa hakiko sawa. Simu nyingi za sasa zina kama gramu 200 hivi, sio nyingi, lakini zinakaa pale pale muda wote.

Jambo la tatu ni kugusa. Simu ikiwa imesimama yenyewe tu uzito wake unaenda chini, na ilimradi ule uzito unaangukia ndani ya kitako cha stendi haipinduki. Ila bibi anapogusa skrini kupokea anaisukuma nyuma, na akigusa juu ya skrini nguvu ya kupindua inakuwa kubwa kuliko akigusa chini, kama vile mlango unavyosukumika kirahisi mbali na bawaba. Na mkono wa bibi unatetemeka, kwaiyo haugusi mara moja, unagonga gonga. Hapo mwanao ana jaribio lingine zuri, kugusa juu, katikati, chini, mara tatu tatu, na kuandika lini kitako cha mbele kimenyanyuka. Mara tatu manake mara moja inaweza kuwa bahati tu. Watoto wanapenda kusema "si ilikaa!" wakati ilikaa mara moja na ikaanguka mara mbili ambazo hawakuzihesabu.

Akitaka kurekebisha, sheria ni moja, abadilishe kitu kimoja halafu apime tena. Akipanua kitako, akaongeza gundi na kugeuza kadibodi vyote siku hiyo hiyo, stendi itaimarika labda, lakini hatajua kipi kimeiokoa, na kwenye tathmini hatakuwa na cha kuandika zaidi ya kurudi kwenye "sasa ni nzuri sana."

Haya, mpaka hapo tumepima stendi na simu. Bibi bado, na bibi ndo mtihani wenyewe.

Nikusimulie kidogo. Darasani kwangu kuna mtoto wa miaka 8 alitengeneza kiboksi cha kalamu chenye kifuniko cha kuteleza, upande mmoja akachora ua zuri jekundu. Nikamwambia ampe mwenzake, amwambie "toa kalamu ya bluu" na asiongeze neno. Mwenzake akakishika, akakigeuza, akaanza kuchokoa kwa kucha pale kwenye ua. Kifuniko kilikuwa upande wa pili. Mwenye kiboksi mkono ukamtoka kwenda kusaidia, nikamwambia kalia mikono yako, akaikalia kweli, kaweka viganja chini ya mapaja huku anajinyonganyonga kwenye kiti. Yule mwenzake akakigeuza juu chini, kalamu zikagonga ndani, akarudi tena kwenye ua. Ikapita kama dakika nzima. Ghafla mwenye kiboksi akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama anaongea peke yake, "anatafuta mlango pale nilipochora." Hakuna mtu aliyemwambia. Kesho yake kalihamishia ua kwenye kifuniko na amekata nusu mwezi pembeni kidole kiingie.

Kilichotokea pale ndo kinatokea kwa kila anayetengeneza kitu, mtoto au injinia. Aliyekitengeneza anajua kifuniko kiko wapi, na ukishajua huwezi kujifanya hujui, macho yanaenda moja kwa moja. Kwaiyo yeye mwenyewe akikijaribu kitafaulu kila mara, na hadanganyi. Lazima kije kwa mikono ya mtu asiyejua, na mtengenezaji anyamaze. Kunyamaza ndo sehemu ngumu kuliko zote na ndo inayoleta majibu. Mwanao amwambie bibi kazi moja tu, "bibi, weka simu hapa tukupigie", halafu akalie mikono aangalie. Bibi kaanza kuiweka kwa mkono gani? Kaiweka wima au ya kulala? Kasita wapi? Amerudia mara ngapi? Ameishika stendi kwa mkono wa pili ili isikimbie? Hayo yote aandike. Na mwambieni bibi mapema kwamba inayopimwa ni stendi, akishindwa ni stendi imeshindwa, yeye hapimwi, manake wazee wengi wakishindwa wanajilaumu na kuficha.

Sasa hapo kwenye "bibi ameipenda." Ni kweli ameipenda, mjukuu wake katengeneza, hata ingekuwa jiwe angelipenda. Ukimuuliza mtu mbele ya aliyetengeneza "umeipenda?" umeshamjibia. Na watoto nao wakiulizwa ni hivo hivo. Watafiti wa Uingereza Janet Read na Stuart MacFarlane, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walitengeneza kipimo chenye nyuso tano kuanzia ya huzuni mpaka ya furaha kubwa ili watoto waonyeshe wamekionaje kitu, na wenyewe wakaona kwamba watoto wadogo wanakimbilia ule uso wa furaha kuliko zote karibu kila mara. Kati ya vipimo vyao kuna kingine mimi nakipenda zaidi, kinauliza tu "ungetaka kufanya tena?", ndiyo, labda, au hapana. Ndo maana kwenye yale maswali yangu matatu la mwisho liko vile. Na kwa bibi hata hamna haja ya kuuliza, iacheni stendi kwake siku tatu bila kusema kitu, mkirudi muone iko mezani inatumika au iko juu ya kabati imewekwa kama zawadi.

Hii inajibu na swali la alama kwa kumi. Mimi siipendi, nikwambie wazi. Saba kwa kumi haimwambii mtoto afanye nini kesho, na kwa mtoto anayeumia na masahihisho kama wako inakuwa ni alama yake yeye, sio ya stendi. Kama mwalimu wake kaagiza alama lazima, basi kila kigezo kipewe yake na pembeni iandikwe imetokea nini. Ila kama haijaagizwa achana nayo.

Kuna jambo watoto huwa hawalitegemei, kwamba vigezo viwili vinaweza kugombana. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni vifuniko vya dawa, vile vya kubonyeza huku unazungusha. Marekani walipitisha sheria yake mwaka 1970, na namna vinavyopimwa inafurahisha kwa sababu wapimaji ni watoto wenyewe, wa miezi 42 mpaka 51. Wanakaa wawili wawili wanapewa chupa, haina dawa yoyote, wana dakika 5 za kujaribu kuifungua. Wakishindwa mtu mzima anaifungua mbele yao, kisha wanapewa dakika 5 nyingine na wanaambiwa wanaweza kutumia meno wakitaka. Ili ifaulu, angalau asilimia 85 ya watoto wawe wameshindwa kabla ya kuonyeshwa, na asilimia 80 wawe wameshindwa mpaka mwisho. Lakini haiishii hapo, chupa hiyo hiyo inapelekwa kwa watu wa miaka 50 mpaka 70, na hao asilimia 90 lazima waweze kuifungua na kuifunga tena. Yaani kitu kimoja kinatakiwa kimshinde mtoto na kisimshinde mzee. Ukikaza sana unamfungia bibi dawa yake mwenyewe, ukilegeza sana mtoto anakunywa. Hata stendi ya mwanao ina ugomvi wake, kitako kizito hakipinduki lakini bibi atashindwa kuihamisha, pengo pana linapokea simu yoyote lakini simu inachezacheza ndani. Akiandika kwenye tathmini "nilitaka iwe nzito isianguke ila bibi ataibebaje, kwaiyo nimechagua hivi kwa sababu hii", mwalimu yeyote wa somo hili atafurahi kuliko akileta stendi isiyo na dosari.

Alafu pimeni pale inapotumika. Mwaka 2000 London walifungua daraja jipya la watembea kwa miguu, linaitwa Millennium Bridge, mainjinia waliolifanyia hesabu walikuwa wazuri tu, lakini watu walipojaa siku ya kwanza likaanza kuyumba pembeni. Likiyumba kidogo, watu wanapanua miguu na kukanyaga kwa kufuata myumbo wake ili wasianguke, na kukanyaga kwa pamoja kunaliyumbisha zaidi. Baada ya siku mbili likafungwa, wakaliwekea vifaa vya kumeza mtikisiko, likafunguliwa tena 2002. Daraja lilikuwa imara kubeba watu, ila tabia yao wakiwa wengi juu yake haikuwa imetegemewa. Stendi yenu nayo inaweza kukaa vizuri kwenye meza yako ngumu na ikateleza kwenye kitambaa cha meza ya bibi, sijui ana meza gani, kwaiyo iende kwake.

Na wapimaji wawe wangapi? Mtaalamu mmoja, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kuonyesha matatizo mengi ya kitu, na mpaka leo wataalamu wanabishana kuhusu hiyo namba, manake inategemea watu wenyewe wanafanana kiasi gani. Kwa kazi ya shule bibi peke yake anatosha kwa sababu yeye ndo mlengwa, ukiongeza jirani mmoja mzee ni faida.

Turudi kwenye machozi. Kabla hamjaigusa stendi yake, tumieni siku moja mbili kupima vitu vya wengine, hapo nyumbani. Mlango wenye mpini unaokwambia vuta kumbe unasukumwa, birika linalochuruzika pembeni ukimimina, rimoti yenye vitufe ishirini mnatumia vitatu. Mwache aseme nani kashindwa, imechosha wapi, angebadilisha nini. Mtoto akishaona kwamba vitu vilivyotengenezwa na watu wazima kiwandani vina kasoro na kasoro zinazungumzika bila mtu kugombezwa, akija kwenye cha kwake amekuja kama fundi. Na ulimi wako uuangalie kidogo, sema "stendi imeinama", usiseme "umeiinamisha." Akikasirika kwenye vistari vya penseli achaneni navyo mpaka kesho, kadibodi haikimbii.

Je arekebishe kabla ya kupeleka au aipeleke hivo hivo? Kama kuna siku kadhaa na yeye mwenyewe anataka, arekebishe kitu kimoja, apime tena, aonyeshe vistari vya kwanza na vya pili. Kama muda hamna, aipeleke inavyoinama na aandike ukweli. Kitu ambacho sikushauri ni wewe kuiimarisha usiku akiwa amelala, najua unampenda na mkono unawasha, ila atakachojifunza ni kwamba cha kwake hakikufaa. Tathmini yenyewe inaweza kuwa fupi tu, mfano: "Bibi aliweka simu kwa mkono mmoja mara 2 kati ya 3. Baada ya dakika 20 simu ilishuka sentimita 1, nafikiri ni kwa sababu mifereji ya kadibodi imelala. Uso wa bibi ulionekana wote. Waya wa chaja haupiti. Ningetoboa tundu chini na kugeuza kadibodi." Namba ziwe zake, hizi nimeweka kuonyesha tu.

Kuna mambo ambayo majibu ya kuandika hayatoshi. Kama mwalimu wake ana orodha yake ya vigezo nenda kaione kwanza, ongea naye pia kuhusu yale ya mwaka jana ili ajue namna ya kumsahihisha. Na kama kulia na kuchana hakuko kwenye kazi hii tu, kama anakataa shule, halali vizuri, au anajisema vibaya kila akikosea, hapo onana na mshauri wa watoto ana kwa ana, usisubiri. Siku akitaka kutengeneza kitu chenye betri, sumaku, au cha mtu kukalia, mtafute fundi au mtu mzima anayejua akae naye, na kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka 3 chochote kinachoingia chote kwenye kikopo cha upana wa milimita 31.7, ambacho ndo kipimo cha viwandani cha vipande vidogo vya midoli, kikae mbali naye kwa sababu kinaweza kumkaba. Vile vibetri vya duara kama sarafu mtoto akimeza ni hospitali muda huo huo hata kama anacheza hana dalili. Halafu umegusia mikono ya bibi kutetemeka, kama ni jambo jipya au linaongezeka mpelekeni kwa daktari aangaliwe, stendi inasaidia simu tu.

Mkienda kwake kupima, tumieni simu yake mwenyewe ikiwa na kava lake. Watoto wengi wanapima pengo la stendi kwa simu ya mama ambayo ni nyembamba, wakifika kwa mlengwa simu haiingii, na mtoto akigundua hilo mbele ya bibi bila kujiandaa ndo pale karatasi zinachanwa. Mwambie tu kabla hamjatoka, leo tunaenda kuona stendi inasemaje, na achukue rula.